Shemeji Alipotupa Mshipi Mchangani

Shemeji yangu alirusha mshipi ukaanguka kwenye mchanga mtupu, halafu akakaa juu ya ndoo kusubiri samaki.

Sitanii. Bahari ilikuwa imekupwa, maji yako mbali kabisa. Chubwi, kile kipande cha risasi cha kuzamishia ndoana, kimelala pale juu ya mchanga uliolowa, kila mtu anakiona. Yeye katulia, mkono kwenye fimbo, anapiga mluzi.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mzee aliyekuwa anavua pembeni yetu naye akacheka, akaniuliza kama huyu mwenzangu anavua kaa.

"Shemeji," nikamwambia, "leo umewatumia samaki nauli waje wenyewe?"

Hakucheka. Akageuza uso taratibu.

"Kwani mshipi umeanguka wapi?"

Kicheko kikanikaukia mdomoni.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, twende pamoja.

Huyu bwana amemuoa dada yangu mkubwa. Nyumbani tunamwita Dereva, hata mama anamwita hivyo, maana tangu tumfahamu kazi yake ni kuendesha gari la shule. Mimi ni fundi simu. Siku nzima nimeinamia vioo vilivyopasuka na skrubu ndogo kuliko chembe ya sukari. Jumamosi ikifika nataka kuona kitu kikubwa, basi.

Wazo la kuvua lilitoka kwa dada. "Nenda naye ufukweni," aliniambia. "Kaa naye. Mwangalie."

Nikadhani ndani kuna moshi kidogo, anataka mume apate hewa. Mambo ya watu na ndoa zao, sikuhoji.

Tulianza na fimbo mbili za kawaida, na nakiri mchezo ulininogea. Ule mtikiso wa kwanza mkononi, samaki anapovuta upande wake na wewe upande wako, unasahau hata jina la mteja anayekusumbua. Tulikuwa tunarudi na samaki wawili watatu, tumechomwa na jua, tumefurahi.

Kisha Dereva akaingiwa na wazimu wa vifaa.

Kila tukienda ana kipya cha kujaribu. Akaanza na boya, akatupa lile dogo akaleta jekundu, kubwa kama chungwa. Likafuata suala la mshipi. Ule usioonekana majini hautaki tena, kaleta wa manjano unaowaka. Mwisho akafunga kengele kwenye ncha ya fimbo, samaki akigusa inalia.

"Shemeji, tunavua au tunauza aiskrimu?"

"Vifaa vya kisasa hivi. Wewe baki na ushamba wako."

Ndoana alinipa mimi nimfungie. Eti fundi una vidole vilivyozoea mambo madogo. Nikavimba kichwa, nikafunga. Pikipiki yangu hakutaka hata kuigusa, siku zote alipanda nyuma.

Sasa tuko pale mchangani. Namtazama yeye, natazama boya, natazama kengele. Vitu vikaanza kujipanga vyenyewe kichwani.

"Huoni," nikasema.

Akalaza fimbo mchangani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mbele naona kama kuna moshi. Pembeni hakuna kitu kabisa. Nimeona kitu kinang'aa, nikajua ni maji."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na gari?"

"Njia ile ninayo kichwani. Kila shimo, kila kona."

"Mashimo hayavuki barabara, shemeji. Watu wanavuka."

Binti yangu hupanda gari lile. Anakaa nyuma ya kiti cha dereva, kila asubuhi anatupungia mkono dirishani.

Dereva akanishika mkono.

"Nivumilie mpaka shule zifungwe. Usimwambie mtu. Nikiacha lile gari mimi ni nani? Hata jina langu mmeshalisahau."

Nikasema sawa. Mdomo ulisema sawa, moyo ulikataa palepale.

Jumapili nilishinda nyumbani bila raha. Binti yangu alipanga viti sebuleni, akawa anacheza gari na mdoli wake.

"Tuta mbele. Baiskeli kushoto. Polepole, polepole."

Mke wangu akacheka, akasema mtoto wako atakuwa trafiki. Nami nikatabasamu ili tu mambo yapite.

Jumatatu nikatoka na binti. Nilimwambia Dereva kwamba pikipiki imeharibika, anisogeze kazini. Alijua naongopa. Nikakaa kiti cha mwisho kabisa, magoti yamegusa kidevu.

Dada yangu alikuwa mbele, kiti cha pembeni ya dereva. Yeye ndiye matroni wa gari, wa kuwaangalia watoto. Alifunga saluni yake ghafla akaomba kazi ile, na sisi ndugu tulimsema sana. Tulisema ni wivu, anamlinda mume.

Akaniona kwenye kioo. Akarudisha macho barabarani.

Gari likaondoka vizuri tu. Hata nikaanza kujilaumu.

Kisha nikasikia sauti ya dada, ya chini, haikatiki.

"Mama na mtoto, kushoto. Wamesimama. Endelea. Tuta. Pikipiki inakuja, mpishe. Endelea."

Na hapo watoto nao wakaingia.

"Mbuzi kushoto!" wakasema kwa pamoja, wakacheka. Mwingine akasema lori mbele. Kwao ulikuwa mchezo wa kila siku, kila mmoja ana upande wake, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuusema nyumbani kama jambo la ajabu.

Tukafika njia panda. Gari likasimama. Dada akatazama kushoto, akasema kuko wazi. Kisha wote wakanyamaza, wanasubiri.

Binti yangu alikuwa amebandika pua kwenye kioo cha kulia. Upande ule ulikuwa wake.

"Kulia hakuna gari," akasema.

Dereva akakata kona.

Sijui nilifikaje shuleni na akili zangu. Nilisubiri watoto washuke wote, nikasogea mbele, nikachomoa ufunguo.

"Uliniahidi," Dereva akasema. Hakugeuka.

"Nilikuahidi kabla sijajua kwamba anayekuonea kulia ni mwanangu."

Dada akaanza kulia. Nilitegemea atanitukana. Badala yake akasema, "Afadhali."

"Ulijua," nikamwambia. "Dada, ulijua, ukawapakia watoto wetu humu."

"Nilikutuma umwangalie. Unaona skrubu ambazo sisi hatuzioni, nikajua utaona. Kumbe ulikwenda kuvua."

"Kwa nini hukusema mwenyewe?"

"Ni mume wangu. Nikisema mimi, mimi ndiye niliyemmaliza. Nilitaka aseme mtu mwingine."

Nilimkasirikia sana dada yangu siku ile, na nikisema hasira imeisha yote nitakuwa naongopa.

Dereva alishuka, akaomba nimshike mkono, tukaenda kwa mwalimu mkuu. Alieleza mwenyewe, kila kitu, amesimama wima. Hospitali wakasema ni presha ya macho. Kilichokwenda kimekwenda, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Daktari aliuliza kwa nini tumechelewa hivyo, na sote tukatazama sakafu.

Hakuzungumza nami kwa muda mrefu. Niliumia, lakini binti yangu alikuwa anapanda gari la mtu anayeona, nikalala usingizi.

Mpaka Jumamosi moja akanipigia simu. "Leta pikipiki. Twende."

Tulisimama mahali palepale. Kengele hakuileta. Alikuwa amefunga mshipi kwenye kidole cha shahada, anasema samaki anaongea vizuri zaidi hapo.

"Maji yako wapi?" akauliza.

Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akiuliza kabla ya kurusha. Nikamshika mabega, nikamgeuza kidogo kushoto. Akarusha. Tukasikia chubwi linaingia majini.

Siku hizi namwita kwa jina lake. Wa kwanza kushtuka alikuwa yeye.

Ndugu msomaji, ukimwona mtu wako ametupa mshipi mchangani, usimalizie kwenye kucheka kama mimi. Kaa karibu yake, umuulize anaona nini. Na kama jibu unalijua tayari, liseme wewe, usimsubiri mtoto alisemee dirishani.