Mashine Iliyowaita Wagonjwa wa Rubondo

Kuna asubuhi moja ya Mbarara ambayo bado naiona vizuri, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata nilipoweka miwani. Nakuhadithia leo kwa sababu Jumatatu unaanza kazi, na umeniambia kwa kununa kidogo kwamba watakuanzisha kwa kuorodhesha seva. Umeona ni kazi ya kuhesabu vyuma. Basi kaa, nikueleze chuma kimoja.

Nilikuwa msichana wa Uvira niliyekulia Rubondo, hapa hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na nilikuwa nimemaliza kusomea kompyuta mjini. Shirika moja la misaada likanichukua katika ofisi yake ya Nyamityobora, hapo Mbarara. Mkuu wangu alikuwa Afande Mugume, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa mtu wa redio za mawasiliano jeshini. Sare alishaivua, lakini hakuwahi kuacha kusimama wima. Ofisi ilikuwa inabadilisha mitambo, naye akataka kila seva iandikwe: jina lake, namba iliyobandikwa kiwandani, mahali ilipo, kazi yake, na mtu anayeiangalia. Isiyoandikwa ingekatwa mtandaoni mwisho wa wiki.

Sikutarajia kuipenda kazi ile. Seva ni kompyuta kama nyingine, ila haizimwi. Inakaa chumbani kwake ikizitumikia zile za mezani. Niliingia nyuma ya makabati, nikafuta vumbi kwa kitenge kikuukuu, nikamulika kwa simu nisome namba. Kila moja ilikuwa na tabia yake. Moja ilinguruma kama ina mafua, nyingine ungeweza kuota moto kwake asubuhi ya baridi. Oruchinga, makazi mengine ya wakimbizi, nilikuta moja imepandishwa juu ya kreti za soda, nayo inafanya kazi bila kulalamika.

Ikabaki moja. Kwenye mtandao ilijiita Kasuku. Nikiiita kutoka mezani kwangu, inajibu papo hapo, lakini hakuna aliyejua iko chumba gani wala inafanya nini. Walisema huenda iliwekwa na fundi mmoja ambaye alikwisha kuhamia Kanada na familia yake.

"Kama hakuna mtu anaijua, sisi tunakata," Afande akasema.

"Afande, tungoje kwanza. Inaongea. Nataka nijue inaongea na nani."

Akanitazama, kisha akacheka kidogo. "Mimi kwa redio, nikisikia sauti na sijui ni ya nani, nilikuwa silali. Kale, haya, twende tuone."

Tuliangalia majibu yake yanapitia njia ipi, na njia ile ikatuelekeza kwenye antena inayotazama Rubondo. Tukaendesha gari mpaka kwenye zahanati ya huko. Nesi mkuu, Mama Nabintu, mwanamke wa Bukavu, alitupokea huku akikunja uso.

"Mashini gani? Hapa hakuna mashini. Niko na mizani na firigo ya chanjo, basi."

Nikaomba ruhusa nifuate waya. Ulishuka kutoka kwenye antena ya paa, ukapita juu ya dirisha, ukaingia stoo ya vyandarua. Tukasogeza mabunda. Nyuma yake, sakafuni, palikuwa na kisanduku cheusi kilichojaa vumbi, taa yake ya kijani inapepesa. Unajua furaha ya kumpata mtu uliyemsikia tu kwa simu? Ndiyo niliyoipata.

Nikachomeka skrini niliyokuja nayo. Tukaona ujumbe mfupi ukitoka mmoja baada ya mwingine kwenda kwenye simu za watu: leo ni siku ya dawa, usisahau kufika zahanati. Ulikuwa wa wagonjwa wa kifua kikuu.

Mama Nabintu akashika kiuno. "Njo hii inatumaka mesaji kwa bagonjwa bangu? Miye nilizani inatokaka Kampala!"

Nje kwenye benchi alikuwa amekaa Mzee Bukuru, mkulima Mrundi, akisubiri vidonge vyake. Nesi akamuuliza kama anaupata ujumbe huo.

"Yule dada? Ananiandikia kila mara," akajibu kwa uso mchangamfu. "Na mimi namjibu. Ninamwambia asante, nimekunywa."

Tukatazamana. Kumbe kulikuwa na majibu.

Nikatafuta yanapokaa, nikayapata, mengi mno, na hakuna hata moja lililowahi kusomwa. Afande akanigusa bega, akageukia ukutani. "Hiyo ni ya nesi. Wewe na mimi hatusomi."

Basi tukasimama kama watoto walioadhibiwa, tukimsikiliza Mama Nabintu akicheka peke yake, akiguna, akicheka tena. Halafu akasema, na sauti ilikuwa nyingine.

"Huyu mama alihamia Oruchinga. Anaandika dawa imemuishia, anakohoa damu, anauliza aende fasi gani. Ameuliza tena na tena. Na sisi tulizani alirudia kwao!"

Afande alitoa funguo za gari, akamfungulia nesi mlango.

Walimkuta mama yule kitandani, amekonda, lakini hai. Alirudishwa kwenye dawa, na matibabu yalichukua muda mrefu kuliko ya kwanza. Alipona. Miaka mingi nilikuwa nikimwona sokoni akiuza maharage, na hakunijua mimi ni nani.

Kesho yake niliandika Kasuku kwa ukamilifu: stoo ya zahanati ya Rubondo, hukumbusha wagonjwa dawa, msimamizi ni nesi mkuu, majibu yasomwe kila asubuhi. Afande akasoma, akaongeza jina lake chini ya la nesi.

Sasa nikuambie wazi, mwanangu. Usiandike mashine ambayo hujaiona kwa macho yako. Usitosheke na namba ya kiwandani. Uliza inamtumikia nani, na nani ataitwa ikinyamaza. Na kabla hujazima kitu usichokijua, kwanza kijue. Udadisi wako usiuonee haya hata wakubwa wakiwa na haraka.

Nenda salama. Mungu aibariki mikono yako, alinde nyumba zote utakazozitumikia bila kuziona, na akukutanishe na wakubwa wasiochoka kuulizwa.