Mitaa Iliyonyooka Mbugani

Kijiji chetu kilikuwa karibu na pwani, ndiyo, lakini pwani ya ziwa, upande wa Geita. Bahari tuliijua kwa chumvi ya dukani. Kaskazini kulikuwa na maji, kusini kilima cha mawe, na katikati mbuga ya udongo mweusi, tambarare kama meza. Wakazi walikuwa Wasukuma wenye ng'ombe, Wazinza wenye mitumbwi, na mwenye duka mmoja Mwislamu kutoka Tabora, aliyewacheka wote kwa lafudhi zao. Wote walijibana kilimani, wakaiacha mbuga tupu. Mimi, niliyekuwa na elimu ya sekondari, nilijua huo ni ujinga.

Ilipokuja amri ya kuhamia vijiji vya pamoja, miaka ya sabini, nikapewa kazi ya kupanga mitaa, kwa kuwa nilijua kushika rula. Kilimani rula haina faida, kwa hiyo nikachagua mbuga. Nikavuta kamba na kupigilia vigingi, mitaa ikanyooka mpaka wakubwa wa wilaya wakapiga makofi. Kilikuwa kiangazi, na kiangazi mbuga ni ngumu kama saruji.

"Mwanangu, vyura wa hapo hawajahama, wamelala tu," alisema mama yangu.

"Mama, huu ni mpango wa kitaalamu."

"Haya. Mtaalamu ni wewe."

Nyumba yake ya kilimani niliibomoa kwa mikono yangu, ili majirani waone mfano. Nikamjengea nyingine mwanzoni kabisa mwa mtaa wa kwanza, mahali pa heshima.

Mvua zikaja, vyura wakaamka. Kuta zililewa maji, na nyumba ya mama ikakaa chini taratibu kama mgeni aliyechoka. Nilimkuta nje, kuku kwapani. Akanipigia goti mlemle kwenye tope, kama mwanamke anavyomwamkia mkubwa wake.

"Shikamoo, mtaalamu."

Nani angeitikia marahaba?

Tulirudi kilimani wote, safari hii bila amri. Majirani walimjengea mama. Mimi alinikataza hata kumshikia nyasi za kuezekea, na mpaka anakufa sikuruhusiwa kuugusa ukuta wake.

Mbugani watu wakalima mpunga, na majaruba yao yanafuata kamba zangu hadi leo. Shamba la mama lilikuwa mtaa wa kwanza, palepale nyumba ilipozama, na lilistawi kuliko yote. Kila mavuno alinipakulia wali, akasubiri nijaze mdomo, ndipo aseme:

"Hapa, baba, ulipatia."