Eda Katika Nyumba ya Daraja la Pili

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupindua viti vya Wazungu miguu juu. Ilikuwa Likoni, mwishoni mwa miaka ya hamsini. Afisa wa Nyumba za serikali aliyeniajiri alinipa fungu la funguo, akanipeleka sebuleni mwa bangala moja tupu, akaniambia nihakikishe kila kiti kina namba yake chini ya kikalio. Nilidhani ananitania. Lakini namba zilikuwapo kwa rangi nyeusi, kwenye viti, meza, makabati, hadi kitanda cha kulala bwana na bibi. Vyote vilikuwa mali ya ofisi.

Nilishangaa sana. Sisi tuliokulia Kisauni tulidhani Mzungu huzaliwa na nyumba yake. Mama yangu, mjane asiyejua kusoma, alikuwa na nyumba yake ya udongo na makuti, vyumba sita na ukumbi katikati, na kodi ya vyumba vile ndiyo iliyotulea. Ardhi tu ndiyo ilikuwa ya mtu mwingine, naye mama akiilipia ijara ya kiwanja kama wenzake wengi mtaani. Huku nikawakuta watu wa viatu vya kung'aa ambao hata godoro walilolalia si lao.

Kutoka Likoni nilihamishiwa Changamwe, kwenye mtaa wa Waingereza uliokuwa juu ya kilima. Kazi yetu kubwa iliitwa kukabidhi. Familia ikihama, karani kama mimi hukagua mabomba, vitasa, nyavu za mbu na vyombo vya jikoni, kisha hupokea funguo. Nyumba zilikuwa na madaraja. Ya daraja la tatu ilikuwa na baraza nyembamba na vyumba viwili vya kulala. Ya pili ilikuwa na vitatu. Ya kwanza ilipata upepo pande zote. Bwana akipandishwa cheo, familia ilivuka barabara. Nami kwa udaku wangu nilijua fitina za mtaa mzima, kwa kutazama tu nani kavuka na nani kabaki akichungulia dirishani.

Afisa wa Nyumba wa Changamwe hakuwa mtu mbaya. Hakupokea hata papai kutoka kwa mpangaji. Kwake nyumba ilifuata cheo, na cheo kikimtoka mtu, nyumba ilirudi ofisini.

Uhuru ukiwa umekaribia, fundi mkuu wa mitambo, aliyekaa nyumba ya daraja la pili, alianguka kazini akafa. Yeye na mkewe hawakuwa na watoto. Siku chache baada ya maziko, Afisa alinituma nikakabidhiwe nyumba na mjane, kwa sababu fundi mpya alikuwa hotelini na familia yake. Meli ya kumrudisha mjane kwao ilikuwa haijafika, na isingefika mpaka mwezi uliofuata.

Nilifika, nikabisha, miguu ikakataa kuingia. Kwetu mjane hukaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ya mumewe. Hasumbuliwi, na mwanamume wa kando haingii. Yule bibi alitoka akaniuliza mbona nimesimama nje na funguo ni zangu. Alijua Kiswahili cha kutosha, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi kwenye ngazi ya baraza.

Nilimuuliza atakwenda wapi. Akasema atakwenda kwa dada yake, kwenye mtaa alikozaliwa huko Uingereza, akanisimulia habari za mtaa huo. Nyumba za huko zimeshikana ukuta kwa ukuta, tangu mwanzo wa barabara hadi mwisho, vyumba viwili chini na viwili juu. Choo ki uani. Maji ya kuoga huchemshwa jikoni, na nguo zikianikwa hurudi na masizi ya makaa. Kila Ijumaa mwenye nyumba hutuma mtu kuchukua kodi, na wako wanawake wanaojificha nyuma ya mlango wakisikia hodi. Nilijisahau kabisa, nikamuuliza maswali chungu nzima. Mwenye nyumba naye ni Mwingereza? Anawafukuza Waingereza wenziwe? Alicheka kidogo, nadhani kwa mara ya kwanza tangu afiwe.

"Huku ndiko nilikokuwa bibi," akasema. "Huko nitakuwa mpangaji wa mpangaji. Nataka nikae hapa tu mpaka meli ije, nimlilie mume wangu mahali alipoishi."

Nilirudi ofisini nikamweleza Afisa habari ya eda. Alinisikiliza kwa adabu.

"Nyumba ile haina mila," akasema. "Ina daraja."

Akampa mpaka Jumamosi.

Jioni nilimsimulia mama. Akaacha kupepeta mchele.

"Mke wa watu amefiwa, nanyi mwamtoa?"

"Si mimi, mama. Ni ofisi."

"Na funguo zitaingia mkononi mwa nani?"

Mama akasema chumba cha mbele ki tupu, mpangaji kahama, basi bibi aje akae eda yake kwake. Kesho yake alianika godoro, akatundika pazia, na akawaambia wapangaji wanaume watumie mlango wa uani. Nilimpelekea bibi ujumbe ule kwa heshima ya mama tu, nikijua atashukuru na kukataa. Yeye akaniuliza kama chumba kina dirisha. Nilipomwambia kinalo, akasema atahamia Jumamosi.

Ilinibidi nimjulishe Afisa anakohamia. Uso wake ulibadilika rangi.

"Kisauni? Mjane wa fundi mkuu, kwenye nyumba ya makuti?"

Alitoka bila kofia. Kabla ya chakula cha mchana amri ilikuja kutoka kwa wakubwa wake kwamba fundi mpya ataendelea kukaa hotelini, na bibi abaki mpaka meli. Kanuni niliyoambiwa haipindiki ilipindika asubuhi moja. Nilifurahi, wallahi, lakini pia niliumia. Machozi ya yule mjane hayakuwagusa wakubwa. Kilichowagusa ni aibu ya mwenzao kuishi kama sisi.

Baada ya Uhuru nilivuka barabara mimi mwenyewe, daraja baada ya daraja, nikastaafu nikiwa Afisa wa Nyumba. Katika miaka yangu sikutuma karani kudai funguo kwenye nyumba ya msiba mpaka eda ipite, awe marehemu Mwislamu au Mkristo. Wakubwa walininung'unikia, nikawaacha wanung'unike. Vijana wa ofisini waliponiaga waliniuliza ni afisa gani aliyenifunza kazi ile, nikawaambia hakuwa afisa.

Siku ile amri ilipokuja nilikimbia Kisauni kumwambia mama kwamba bibi haji tena, apangishe chumba, maana tuliishi kwa kodi zile. Hakukipangisha. Alikifagia kila asubuhi, pazia likiwa palepale, mpaka nilipomletea habari kwamba meli imeng'oa nanga.

Nilimuuliza mbona hakukipangisha. "Na wakubwa wako wangegeuka tena?" akanijibu. "Angekwenda wapi?"