Kahawa Niliyoipita Sidab

Mwalimu alituuliza kama tunalikubali sharti lake, na mimi ndiye niliyetangulia kusema, "Tunakubali." Hakuna aliyenituma niwasemee wenzangu. Lakini nilikuwa kiongozi wa wakimbiaji, nilikuwa na miguu mirefu, na kijana mwenye miguu mirefu hudhani na akili yake imerefuka vilevile. Laiti ningelikataa.

Sharti lenyewe lilikuwa jepesi: siku ya mashindano, hakuna kusimama njiani wala kuamkiana na mtu.

Hii ilikuwa Maskati, miaka michache baada ya jamaa zetu kuhama Unguja kuja huku, na nchi bado haijafunguka kwa dunia. Palikuwa na chuo kidogo, vyumba viwili juu ya ghala la tende, ambako vijana tulijifunza kupiga taipu, hesabu, na kufungua na kufunga mashine za maji. Mwalimu wetu alikuwa Mhindi wa Bombay, mwembamba kama ufito. Ujanani mwake alikuwa mkimbiaji wa mbio za nyika, na alipoiona milima yetu aliitazama kama mtu mwenye njaa anavyolitazama sinia la biriani. Sisi tuliona mawe tu.

Akaomba ruhusa kwa wakubwa ya kutukimbiza huko. Akapewa, ila magoti yafunikwe. Mama akanishonea kaptula iliyoshuka hadi katikati ya miundi, pana kiasi kwamba upepo ukivuma nilikuwa nikisukumwa pembeni.

Tulianzia kwenye lango la mji, tukapanda mlima kwa njia ya punda, tukateremkia Sidab, kijiji cha wavuvi, tukakipita katikati, kisha tukarudi kwa njia nyingine, nyuma ya mlima. Mlima haukutushinda. Tulishindwa na Sidab.

Kwanza, kule mtu hakimbii bure. Ukionekana unakimbia, watu husimama wakaulizana nani amekufa. Ukiwaambia hakuna aliyekufa, basi huna haraka, karibu ukae. Ukikaa, huletewa tende, kisha kahawa, kisha huulizwa habari. "Habari?" "Hakuna habari, ila kheri." "Za Maskati?" "Kheri." "Hakuna jipya?" "Hakuna jipya." Yakishakwisha hayo ndipo habari zenyewe huanza. Kupita mlango wa mtu mzima aliyekukaribisha ilikuwa sawa na kumwambia kwamba nyumba yake huioni.

Basi mwalimu alikuwa akitungoja langoni huku jua linazama na mlinzi anajitayarisha kufunga, na sisi tunatokea taratibu, tende zimejaa mifukoni.

"Nyinyi mnakimbia au mnazuru?" akauliza siku moja.

"Tunakimbia, mwalimu," akajibu rafiki yangu. "Ila tunaalikwa."

Rafiki yangu huyu alikuwa mnene kidogo, mcheshi, na kwa mbio alikuwa wa mwisho siku zote. Mwalimu alipotoa sharti lake na mimi nikalikubali, yeye alisema, "Inshallah." Mwalimu akaridhika. Hakuwa amekaa nasi muda wa kutosha kujua kwamba inshallah ya namna ile haimfungi mtu.

Kuna jambo sikumwambia mwalimu. Nyumba moja pale Sidab, yenye baraza iliyoelekea njia yetu, ilikuwa ya mzee niliyemwita ami, ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Unguja tulikuwa majirani. Alikuwa na binti, na mama yangu alikuwa amekwisha kupeleka posa. Jibu lilikuwa bado. Ami alikuwa amesema tu, "Vijana hawa wa siku hizi, ngoja nimtazame kwanza."

Binti mwenyewe sikuwa na ruhusa ya kuzungumza naye, lakini yeye hakuhitaji ruhusa. Siku ya mazoezi ya kwanza nilisikia sauti nyuma ya dirisha: "Kaptula hiyo kakushonea nani, fundi wa mahema?" Wenzangu walicheka mpaka tukateremka pwani. Tangu siku hiyo nilikuwa nikikimbia kwa ajili ya dirisha lile.

Ningeweza kumwambia mwalimu, "Nyumba moja tu, niruhusu." Sikumwambia. Niliona haya, na pia nilitaka kushinda. Tulikuwa tunashindana na vijana wa Matrah, mji jirani, na wale walikuwa wametutangaza soko zima kwamba wakimbiaji wa Maskati ni wanywa kahawa.

Siku ya mashindano nilifika Sidab wa kwanza. Kijana wa Matrah alikuwa nyuma yangu, nasikia pumzi zake. Nikainua macho nikaona baraza ya ami imetandikwa mazulia. Wazee wamekaa safu nzima, wajomba na maami wa binti. Katikati pana sinia la halua. Ami alikuwa amesikia tutapita, akawaalika jamaa zake waje wamwone mposaji.

"Mwanangu!" akaita, ameshasimama, dele la kahawa mkononi. "Karibu! Karibu hapa, jamaa wanakungoja!"

Nikauweka mkono kifuani, lakini miguu haikusimama.

"Nikirudi, ami!" nikapiga kelele. "Nnarudi sasa hivi!"

Hilo ndilo ninalolijutia kuliko yote. Nilijua haturudi kwa njia ile. Sikumpita tu, nilimdanganya mbele ya watu wake, naye akakaa akanisubiri.

Yaliyofuata nilihadithiwa. Wakimbiaji wote walipita, wa kwetu na wa Matrah, hata vumbi likatulia. Mwishowe akatokea rafiki yangu, anatembea, ameshika kiuno.

"Na wewe nawe unapita?" ami akamuuliza.

"Nipite niende wapi, ami? Hao wameshafika zamani."

Akakaa. Akawaamkia wazee mmoja mmoja, akala halua, akanywa kahawa mpaka mwenyewe akatikisa kikombe kuonyesha imemtosha. Akaulizwa habari za Maskati, akatoa na za Matrah. Walipomuuliza mbona yule mrefu amepita, alinitetea: "Msimlaumu, wazee wangu. Tumbo limemshika. Akisimama hapa, mtajuta nyinyi." Baraza nzima ikacheka. Kulikuwa na kicheko kingine nyuma ya dirisha.

Mimi nilishinda. Mwalimu alinikumbatia, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, na vijana wa Maskati wakanibeba mpaka ndani ya lango. Rafiki yangu alifika lango likikaribia kufungwa. Mwalimu akamuuliza amepatwa na nini.

"Nilialikwa," akasema.

Jibu la posa lilikuja baada ya siku chache, kwa adabu kamili: wanashukuru sana, lakini binti bado mdogo. Mama alinitazama, akaendelea kuchambua mchele. Mimi nilijua udogo ule ulikuwa wa nani.

Mwaka uliofuata binti alikuwa amekwisha kukua. Rafiki yangu alinijia nyumbani, kwa mara ya kwanza hana mzaha.

"Yakhe, nimeitwa Sidab. Mzee anataka nipose mimi. Ukisema nikatae, nnakataa."

"Na wewe unamtaka?"

Akatazama chini. "Nnamtaka."

"Basi posa," nikamwambia. Nashukuru kwamba hilo angalau nililisema vizuri.

Niliombwa niwe miongoni mwa watakaomsindikiza bwana harusi. Nikasema nina homa. Baadaye waliponialika chakula nilikuwa na kazi, na walipozaa nilikuwa safarini, hata kama safari yenyewe ilikuwa ya hapo Matrah tu. Hatukugombana hata siku moja. Nilizidi kupita tu, mpaka wakaacha kuniita.

Nilioa baadaye, mke mwema, tuliheshimiana mpaka alipofariki. Lakini nikiulizwa neno lile "tunakubali" lilinigharimu nini, jibu ni hili: lilinikosesha mwanamke niliyemtaka, na likanikosesha rafiki ambaye sijapata mwingine kama yeye.