Kitanda cha Mtani Wangu

Mie ni mwanamke wa Kinyamwezi niliyezaliwa Temeke, na jirani yangu alikuwa Mzaramo, kwa hiyo tulikuwa watani. Nyie wa siku hizi mnadhani utani ni maneno ya mpira. Enzi zetu mtani alikuwa na haki ya kukutukana mbele ya wakwe zako, na ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa. Ukifa, anaingia kaburini mwako kabla yako, anajilaza, hatoki mpaka apewe kitu, na katika vitu vyako anachagua anachokitaka. Jambo moja tu haruhusiwi: kukulilia ukiwa hai. Akikulilia amekuchuria, yaani amekuitia kifo, na faini yake jogoo.

Jirani huyo alikuwa mjane, mkaanga vitumbua, kanizidi miaka kama kumi na tano. Tulipanga nyumba moja, mlango wangu ukitazamana na wake. Alikuwa na kitanda cha samadari alichoachiwa na marehemu mumewe, kipana, nguzo zake ndefu zina vichwa vya shaba, na kila Alhamisi alivisugua kwa majivu na ndimu. Mie nililalia kitanda cha kamba kilichobonyea katikati. Tangu siku niliyohamia nilimwambia kwamba akifa nakichukua kile, wala asisumbuke kuandika wasia.

Mwaka mmoja, Mwingereza bado anatutawala, akaota kivimbe kwenye titi la kushoto. Alikificha kwa miezi, akikikanda kwa mafuta ya nyonyo, mpaka siku moja tukifua uani nikamwona anakamua nguo kwa mkono mmoja. Nikamburura hospitali ya mjini. Daktari Mzungu akabonyeza titi, akabonyeza na kwapani, kisha akasema kwa mdomo wa dresa, msaidizi wake aliyekuwa akitafsiri: hii ni kansa, titi lote lazima litoke, likibaki litamuua. Lakini hawezi kumkata siku ile, kwa sababu damu yake ni chache na kifua kimeharibika kwa tumbaku. Aende nyumbani wiki tatu. Ale maini, mayai, mchicha. Aache kuvuta. Ajifunze kuvuta pumzi ndefu, maana wanaokatwa kisha wakalala tu hushikwa na kichomi.

Tulipofika nyumbani alijilaza kwenye samadari akageukia ukutani. Vitumbua hakukaanga kesho yake wala keshokutwa. Nilimpelekea maini, akasema yananuka. Nikampelekea mayai, akasema yeye si kicheche wa kula mayai.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa, maana hapakuwa na mtu mwingine niliyemzoea kama yule. Lakini mtani wako ukimwonea huruma, anajua kwamba kweli anakufa. Siku ya tatu asubuhi nikaingia chumbani mwake na kamba, nikaanza kupima kitanda, yeye akiwa juu yake.

"Unafanya nini?"

"Napima kama kitapita mlangoni kwangu. Sogeza mguu."

Akasogeza mguu, kisha akaelewa. Alinitukana kuanzia babu yangu aliyekuja pwani na pembe za ndovu za watu begani mpaka wajukuu nisiowazaa. Halafu akauliza yale maini yako wapi.

Basi nikawa nimepata dawa. Kila asubuhi kabla ya uji nilikwenda kupima. Akiacha yai, nilimwambia nguzo hizi nitazipaka rangi ya kijani. Nilipomkuta nyuma ya jiko na msokoto wa tumbaku, nilimletea kiberiti mwenyewe, nikamshukuru kwa kunirahisishia kazi. Msokoto ule aliutupa chooni. Ya pumzi tulifanya hivi: nilikata bua la jani la mpapai, ambalo ndani lina tundu kama mrija, nikampa na chupa iliyojaa maji nusu, apulize mpaka mapovu yafike shingoni mwa chupa.

"Mbuzi mwenye kikohozi ana pumzi kukushinda," nilimwambia.

Akapuliza mpaka maji yakanirukia usoni. Alifanya makusudi, namjua.

Mwili ukawa unarudi. Kilichobaki ni moyo, na huko kamba haikunisaidia. Wiki ya mwisho tulikuwa tumekaa uani tunachambua mchele, akaniambia, "Mtani, kukatwa sikuogopi. Naogopa ile dawa ya usingizi. Nikifia usingizini, shahada yangu nitaitoa saa ngapi?"

Mie Mkristo, baba yangu alibatizwa misheni kule Tabora. Lakini hilo nililielewa: Mwislamu anataka neno lake la mwisho liwe shahada. Sikumdhihaki. Nikaenda zangu hospitali nikamuuliza yule dresa. Akasema mgonjwa akiwekewa kitambaa cha dawa puani huambiwa ahesabu moja, mbili, tatu, na wengi hawafiki kumi. Kama yeye badala ya kuhesabu anataka kutoa shahada, daktari hana ugomvi naye.

Tukafanya mazoezi. Yeye analala kwenye mkeka, mie namfunika pua kwa upindo wa kanga, anavuta pumzi ndefu, anatoa shahada polepole, anafumba macho. Mara ya kwanza aliitupa kanga akainuka. Baada ya siku nne akawa anasinzia kweli na kukoroma. Tatizo ni kwamba mie nami shahada yote ikanikaa kichwani, nikawa naitamka pamoja naye bila kujua. Akafumbua jicho moja.

"Umeshasilimu wewe. Nikitoka huko nakutafutia mume."

Tulikwenda hospitali siku moja kabla ya kukatwa. Nilimtandikia, nikakitazama kile kitanda cha wodini, nikasema kwa sauti, "Hiki kibaya. Bora ungefia kwenye kile chetu." Sista Mzungu, aliyekuwa na Kiswahili cha kutosha kuelewa hilo tu, akanishika kiwiko akanitoa nje, na akaagiza nisiingie tena mpaka mgonjwa apone. Unadhani mtani wangu alinitetea? Thubutu. Alisema hanijui.

Nikazunguka dirishani. "Sawa. Leo hii nahamisha kitanda."

"Jaribu uone," akasema, na akakaa wima kabisa.

Nilihamisha. Niliwaomba wanaume wawili wa nyumba ya pili, tukakifungua, tukakiunga tena chumbani kwangu, nikakitandika kwa shuka zake zilezile.

Kesho yake jioni nilimvizia dresa getini. Akasema mgonjwa alipowekewa kitambaa alitoa shahada mara mbili na kuanza ya tatu. Titi limetoka. Ameamka, anatapika. Wengine wakiambiwa wakae na wavute pumzi hulia kwa maumivu. Yeye alikaa, akavuta pumzi, akauliza kama kitanda chake kimekwaruzwa.

Alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, mkono wa kushoto haunyanyuki, kifua kimefungwa bandeji. Alipita mlango wake akaingia moja kwa moja kwangu. Samadari ilikuwa imejaa chumba. Shuka zimenyooka, mto hauna hata alama ya kichwa, na shaba nilikuwa nimeisugua kwa majivu na ndimu. Kitanda changu cha kamba nilikitoa uani kupisha nafasi. Chini, kati ya samadari na ukuta, palikuwa na mkeka wangu na kanga niliyojifunikia.

Aliutazama ule mkeka.

"Hukukilalia hata siku moja," akasema.

"Kina kunguni."

"Wiki tatu umelala hapo chini."

Machozi yakanitoka, mbele yake, naye yu hai. Hakunibembeleza. Aliketi taratibu kwenye kitanda chake, akanisubiri mpaka nilipomaliza kupenga kamasi.

"Jogoo," akasema. "Na awe mkubwa. Dresa kasema nile."