Mstari wa Ishirini na Saba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kwa miaka mingi nilijifanya siikumbuki. Watu wakiitaja nilikuwa nabadilisha mazungumzo, naulizia mvua, nasifia ndizi za mwenyeji. Leo nakiri hadharani, jambo ambalo hadi sasa ni nyumba moja tu iliyolisikia kutoka kwangu. Ule ujumbe uliomfukuza Aisia chuoni niliuandika mimi. Mkuu wa chuo aliponiuliza wakati ule, nilimjibu bila kupepesa macho kwamba kompyuta zilikuja nao hivyo hivyo kutoka kiwandani. Ajabu ni kwamba alikubali, ingawa ujumbe wenyewe ulikuwa wa Kiswahili. Sijui wote wawili tulidhani huko kiwandani wanazungumza lugha gani.

Wazee walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilibaki nimesimama wima karibu miaka ishirini.

Nachutama leo kwa sababu nimekasirika. Juzi, hapa hapa Moshi mjini, kijana mmoja mwerevu alinionyesha kazi yake, programu ya kuwafundishia watoto wa sekondari kuandika programu zao wenyewe. Nikaandika kitu kibovu kwa makusudi. Kioo kikajibu: "Ingizo batili." Nikamuuliza, mtoto akiona hivi afanye nini? Akacheka.

"Mama, asiyejua maana haambiwi maana. Akikwama atajifunza."

Chai yangu ikapoa mezani. Kilichoniuma ni kwamba kijana yule nilimfahamu vizuri sana. Alikuwa mimi, ila yeye ana ndevu.

Nilirudi Moshi kutoka chuo kikuu nikiwa na digrii ya kompyuta, viatu vya kisigino, na imani kwamba mlima mzima ulikuwa unanisubiri. Nikapata kazi ya kufundisha kwenye chuo kidogo. Sasa kwa asiyewahi kuandika programu, nieleze kidogo. Unaipa mashine maagizo, mstari baada ya mstari. Ukikosea, inasimama na kukuandikia kwa nini imesimama. Wakati ule iliandika kwa Kiingereza kigumu, na wanafunzi wangu waliotoka kidato cha nne walikuwa wakikiangalia kama barua ya mahakama. Ndipo nikatengeneza kikaguzi, programu ndogo ya kudaka yale maneno na kuyatoa kwa Kiswahili. Walimu wenzangu walinisifu hadi shingo ikakakamaa, ingawa mkuu wa chuo hakufuatilia mambo ya kompyuta. Hakuna aliyeuliza kama Kiswahili chenyewe kilimsaidia mtu. Nilikuwa nimetoa kiburi cha Kiingereza na kuweka changu.

Aisia alikuwa binti wa miaka kumi na tisa kutoka Uru, mtoto wa nyumba yenye ng'ombe wawili na kahawa ya kiasi. Kabla ya masomo alikuwa amekwisha kukata majani ya ng'ombe na kuteremka mjini, na bado aliingia darasani mbele ya wenzake wa hosteli. Hakuwa mwepesi wa kuongea. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, jambo ambalo sisi walimu mara nyingi hatulioni kwa sababu halipigi kelele.

Siku ya mtihani waliambiwa waandike programu ya kupanga majina kwa alfabeti. Mimi ndiye niliyesimamia chumba. Baada ya muda nikaona mkono wake juu.

"Madam, hapa pana nini?"

"Soma ujumbe."

"Nimeusoma."

"Usome tena."

Akausoma tena. Aliusoma kwa saa nzima. Ulisema hivi, na naunukuu kwa aibu kamili: "Kosa la sintaksia. Mstari wa 27 si sahihi. Rudia somo la kwanza." Yale maneno ya mwisho niliyaongeza mwenyewe, nikiamini ni ucheshi wa kielimu. Aisia akaufuta mstari wa ishirini na saba na kuuandika upya, mara nyingi, kila mara ukiwa sahihi, kila mara akiambiwa si sahihi. Kengele ilipolia aliinuka, akakunja sweta lake, akatoka. Hakurudi.

Nilipoiangalia kazi yake niliona kosa kabla sijakaa vizuri. Mstari wa kumi na tisa alikuwa amefungua mabano, akasahau kuyafunga. Mashine ikaendelea kusoma, ikisubiri mabano yafungwe, hadi mstari wa ishirini na saba ikachanganyikiwa na kusimama. Mstari wa ishirini na saba haukuwa na dhambi yoyote. Na unajua nilijisikiaje, mwanangu? Nilijiona nina akili.

Chuo kilitoa nafasi moja ya kurudia mtihani, wiki mbili baadaye. Asiyefika angepoteza nafasi yake kabisa. Zikafika habari kwamba shangazi yake wa Kwa Sadala amekwisha kumwandalia meza ya vitunguu sokoni. Meza ya vitunguu ni kazi ya heshima, lakini si kazi ambayo binti yule aliiamkia alfajiri miaka miwili. Mkuu wa chuo akanituma Uru nikazungumze na wazazi. Nilikwenda, ingawa moyoni nilikuwa nakwenda kujitetea.

Nilikuta nyumba tupu. Siku hiyo kulikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya ukoo. Mfongo, ule mfereji wa zamani unaoleta maji ya mto kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa ya kila nyumba, ulikuwa umekauka, na watu wa ukoo walikuwa wamekusanyika na majembe pembeni ya migomba. Mama Aisia alinisalimu kwa adabu iliyokuwa baridi kuliko maji ya mlima. Aisia mwenyewe alikuwa kando, ameshika panga, hakuniangalia. Aliyeniita ni babu yake, ambaye kila mtu alimwita Meku kama tunavyowaita wazee wa huku. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa mfongo ule.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa kompyuta?"

"Ndiye mimi."

"Vizuri. Umesoma kuliko sisi. Maji yangu yamekauka. Nianze kuchimba wapi?"

Nikaangalia chini. Tope lilikuwa limepasuka pasuka karibu na kahawa zake. Nikanyoosha kidole. "Hapa, palipokauka."

Kicheko kilichotoka kwa wale akina mama nakisikia mpaka leo. Mmoja alilazimika kukaa chini.

"Chimba hapo mpaka utokee upande wa pili," Meku akasema, "hutaona tone. Vua hivyo viatu, tupande."

Tukapanda, yeye mbele, mimi nyuma na viatu mkononi, tukiufuata mfongo mkavu kupita kihamba baada ya kihamba. Alikuwa anaenda polepole na kuongea bila kugeuka.

"Mjukuu wangu ameniambia ule ujumbe wako. Anaujua kwa moyo kama Baba Yetu."

"Ni mashine, Meku. Ilikuja nao."

Aliendelea kupanda. Ukimdanganya mzee halafu akanyamaza, njia inakuwa ndefu sana.

Mbali juu, chini ya mti mkubwa wa mringaringa, tukakuta penyewe. Fuko alikuwa ametoboa ukingo, na maji yote yakawa yanapotelea korongoni. Meku akaweka mikono mdomoni akaita kuelekea chini, mtu wa kwanza vihambani akadaka na kumpasia wa pili, hadi sauti ikafika bondeni: "Kwenye mringaringa! Fuko ametoboa ukingo wa kushoto! Leteni magome ya mgomba na udongo wa mfinyanzi!" Kisha akakaa kwenye jiwe.

"Sasa nisikilize. Ningeita 'maji hayapo', wangeleta nini?"

Nikapangusa tope miguuni.

"Wasingeleta kitu. Wanajua hayapo, ndiyo sababu nimepanda. Na ningeita 'rudini kwa mama zenu wakawafundishe kushika jembe', nani angepanda huku?"

"Hakuna, Meku."

"Wewe ulikuwa umesimama hapa juu. Tundu unaliona. Mtoto yuko chini kwenye tope, haoni. Halafu unamwitia kwamba tope ni lake." Akatema mate pembeni. "Umesoma kwa ajili ya nini?"

Magome ya migomba yakawasili yamebebwa vichwani, udongo kwenye ndoo, na hakuna aliyekuja mikono mitupu wala aliyeleta kisichohitajika. Wakaziba. Maji yakageuka, yakaanza kuteremka yakisukuma majani makavu mbele yake, na watu wakateremka nayo. Mimi niliteremka nyuma ya maji, na njia nzima nilikuwa na hasira. Mwanzoni nilimkasirikia Meku. Tulipofika nusu ya njia hasira ikampata mwenyewe, yaani mimi.

Kwenye mpaka wa kihamba chao nikachuma jani la isale. Wewe uliyekulia mbali na mlima huu ujue kwamba anayepelekewa jani hilo kuombwa msamaha hawezi kukataa. Nikalishika kwa mikono miwili mbele ya Mama Aisia, nikasema kweli: ujumbe ni wangu, mstari wa ishirini na saba haukuwa na kosa, kosa lilikuwa mabano ya juu, mtoto hana tatizo la kichwa. Aisia aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Mstari wa ngapi?" akauliza.

"Kumi na tisa."

Akafumba macho, midomo ikihesabu mistari kichwani. Nikaona alipoyafikia yale mabano.

Mama yake akalipokea jani, akalichomeka kwenye boriti ya jikoni. "Jani halikataliwi," akasema. "Tumesamehe. Lakini mwanangu haendi kukaa tena mbele ya kitu kinachomtukana. Hayo maneno umeyabadilisha?"

"Bado, mama."

"Basi na mimi bado."

Ndiyo sababu wiki nzima nilipanda Uru kila jioni na karatasi zenye ujumbe wote wa kikaguzi, mmoja baada ya mwingine, nikamsomea mama yule ambaye hajawahi kugusa kompyuta, yeye akimenya ndizi za mtori.

"Kosa la sintaksia," nikasoma.

"Huyo Sintaksia ni nani?"

"Ni mpangilio wa maneno, mama."

"Basi sema mpangilio. Endelea."

"Thamani haijulikani."

"Thamani ya nini? Iko wapi? Mimi nifanye nini?" Alikuwa na kipande cha mkaa pembeni. Kila neno lisilomwambia la kufanya alilipiga mstari, na lililomtukana alilipiga miwili. Siku ya pili karatasi zilikuwa nyeusi kama sufuria. Aisia alikaa kwenye kigoda mlangoni, hachangii, ila mara moja nilimkamata anacheka. Jioni ya mwisho nilimuuliza kama atakuja kwenye mtihani. Akasema, "Nitaona." Hakuongeza.

Mkuu wa chuo, kwa haki kabisa, alinizuia kusimamia mtihani wa kurudia, kwa kuwa nilikuwa nikienda nyumbani kwa mtahiniwa. Nikakaa nyumbani kwangu, simu juu ya meza, sijui hata kama binti ameteremka mlimani au amepanda gari la Kwa Sadala. Nilichoapa pale kwenye kile kiti ndicho ninachokupa wewe leo.

Mwanangu unayeandika programu, usiniambie mwanafunzi wa siku hizi hasomi. Anasoma. Alisoma saa nzima uongo niliomwandikia. Usijifiche nyuma ya mashine. Mashine haina mdomo, mdomo ni wako. Ukimwona mtu amesimama, mwambie ulichokuwa unatarajia na ulichokikuta. Kama unahisi tundu liko juu, mwambie apande, umtajie na mahali. Mwambie alete nini. Kama hujui, sema hujui, mtu hafi kwa kusikia hivyo. Na neno lolote linalompima akili yake, lifute kabla hujalipenda, maana mimi nililipenda langu. Wanasema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini asiyeonyeshwa kosa atarudia mpaka achoke, na siku atakayochoka utasema hakuwa na kipaji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayetaka watu watumie kazi yake ndiye wa kuinama. Kabla hujaitoa kazi yako, tafuta mama anayemenya ndizi, umsomee. Akikuuliza "nifanye nini?", rudi ukaandike.

Ruwa, ndiye Mungu kwa lugha yetu, akupe macho ya kuona tundu na sauti ya kufika bondeni. Akupe watu wa kukucheka mapema, ukiwa bado unaweza kuvua viatu. Na wale watakaojifunza kwa mkono wako wasijue kamwe kwamba ingewezekana kuwa vigumu kuliko hivyo.

Simu ikaita saa saba mchana.

"Madam, shikamoo."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Nje ya chumba. Tumemaliza."

"Ulikuja."

"Nilikuja." Nyuma yake nilisikia wenzake wakibishana juu ya majibu. "Madam, nilisahau mabano tena."

"Mstari wa ngapi?"

"Ilisimama wa thelathini na moja. Nikaanza kuufuta, halafu nikausoma ujumbe. Ukasema, 'Nimekwama hapa, lakini huenda kosa haliko hapa. Panda hadi mstari wa 12. Kuna mabano yamefunguliwa, sioni yalipofungwa.' Nikapanda."

"Na?"

"Yamefungwa," Aisia akasema. "Mwambie Meku maji yameshuka."