Mlinzi wa Mayai ya Kasa

Juzi, kwenye dirisha la pasipoti, msichana wa mtaa wa Kanyosha alimwambia karani kwamba anakwenda ng'ambo kulinda mayai ya kasa, wale kobe wa baharini.

"Watakulipa ngapi?"

"Apana, mama, ni kujitolea. Kasa anataga kwenye mchanga, anarudi baharini. Mbwa wanafukua mayai."

Karani akaweka kalamu chini. "Mi nilipozaa, jirani alileta uji, akamushika mutoto, akaniambia: we lala." Akagonga muhuri. "Nenda, mwanangu. Kasa naye ni mzazi."

Mimi niliyekuwa nyuma yake nikinung'unikia foleni nikakumbuka nyumbani. Jirani wa hivyo ninaye. Mtoto wetu ambaye jirani huyo alitushikia siku zile sasa ananizidi kimo, na jirani sijamwambia asante. Naiandika hapa, maana gazeti hili huliazima kwangu kila wiki, kabla sijalisoma.